Mwalimu wa gofu hatokani na skoa

Kanuni zinazotenganisha mchezaji wa gofu wa ridhaa na wa kulipwa zina kipengele ambacho vijana wengi hukijua wakiwa wameshachelewa. Si lazima mtu ashinde fedha mashindanoni ndipo ahesabiwe kuwa wa kulipwa. Akipokea malipo kwa kumwelekeza mwenzake namna ya kushika fimbo na kupiga mpira, kimsingi ameshavuka mpaka. Kanuni mpya zilizoanza kutumika Januari 2022, chini ya R&A ya St Andrews na USGA ya Marekani, wasimamizi wa kanuni za gofu, zililegeza mambo mengi: leo mchezaji wa ridhaa anaweza kupata wadhamini na hata kutumia jina lake kwenye matangazo. Yaliyobaki marufuku ni machache, miongoni mwayo ni kupokea zawadi inayozidi kiwango kilichowekwa, kucheza kama mtu wa kulipwa, kuajiriwa kama mchezaji wa kulipwa wa klabu, na kufundisha kwa malipo. Wapo waliosamehewa, kama mwalimu wa shule ambaye gofu ni sehemu ndogo tu ya kazi yake, au anayefundisha katika mpango ulioidhinishwa na chama cha taifa. Nje ya hapo, binti wa Arusha au kijana wa Nakuru anayepokea ada kwa kufundisha jioni hawezi tena kuichezea nchi yake katika mashindano ya ridhaa ya Afrika Mashariki, mpaka aombe kurudishiwa hadhi yake.

Sina ugomvi na kipengele hicho. Nimeanza nacho kwa sababu kinaonyesha dhana iliyojikita ndani ya mchezo huu kwa zaidi ya karne, kwamba kucheza kwa ustadi na kufundisha kwa ustadi ni kazi moja yenye majina mawili. Dhana hiyo ndiyo inayoamua nani apite kwenye mlango wa taaluma na nani abaki nje, klabu imwajiri nani, na mzazi ampeleke mtoto wake kwa nani. Nami naona si sahihi. Ushahidi wa utafiti uliofanywa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, pamoja na historia ya walimu wenyewe, unaonyesha kwamba ufundishaji wa gofu ni ufundi unaojitegemea, na mahali ambapo mlango wa kuuingia umejengwa kwa skoa, yaani idadi ya mikwaju, peke yake, walimu wazuri wengi hawatapatikana. Kwa Kenya, Tanzania na Uganda hoja hii ina uzito wa pekee, kwa kuwa sisi tunao watu wengi waliokwisha kusoma nusu ya somo hili bila kutambuliwa, nao ni makedi, wale wanaobeba mifuko ya fimbo na kutembea na wachezaji mashimo yote 18.

Historia inaeleza dhana hiyo ilitoka wapi. Wachezaji wa kulipwa wa kwanza huko Uskoti walikuwa mafundi wa kila kitu. Mzee Tom Morris wa St Andrews alitengeneza fimbo na mipira, akatunza nyasi za uwanja, akabeba mifuko, akafundisha, na akacheza kwa dau. Chama cha wachezaji wa kulipwa cha Uingereza, PGA, kilipoundwa mwaka 1901 J. H. Taylor akiwa mmoja wa viongozi wake, kiliundwa ili kulinda watu wa namna hiyo: waajiriwa wa klabu ambao riziki yao ilitegemea duka dogo la vifaa na ada za masomo. Walikuwa watumishi. Katika klabu nyingi hawakuruhusiwa kupita mlango mkubwa wala kukaa na wanachama, na huko Marekani ndipo klabu ya Inverness, jijini Toledo, ilipowafungulia jengo lake wakati wa mashindano ya US Open ya mwaka 1920, wachezaji wakaishukuru kwa kuizawadia saa kubwa ya kusimama. PGA ya Marekani ilianzishwa mwaka 1916. Mwaka 1934 ikaandika ndani ya katiba yake kwamba wanachama wawe wa asili ya kizungu tu, na kifungu hicho hakikuondolewa hadi mwaka 1961. Nakumbusha hayo kwa sababu kila taaluma inapoweka masharti ya kuingia husema inalinda ubora, na mara nyingi husema kweli. Lakini masharti hayo yanaweza pia kuwaweka nje watu ambao upungufu wao hauhusiani kabisa na kazi inayofanywa. Kila sharti, kwa hiyo, linastahili kuulizwa linapima nini hasa.

Tulichukue sharti maarufu kuliko yote. Kwa miaka mingi, anayetaka kuwa mwanachama wa PGA ya Marekani amepaswa kufaulu mtihani wa kucheza wa mashimo 36 kwa siku moja. Mikwaju inayokubalika hupatikana kwa kuzidisha kiwango cha ugumu wa uwanja mara mbili, kisha kuongeza 15. Uwanja ukiwa na kiwango cha 72, mtahiniwa anatakiwa amalize kwa mikwaju isiyozidi 159, yaani takriban 79 au 80 kila raundi. Kwa makadirio ya chama chenyewe, wanaofaulu katika jaribio moja hawafiki mmoja kati ya watano. Mtu anaweza kulirudia jaribio hilo tena na tena, akilipa ada kila mara, kabla hajaulizwa swali hata moja kuhusu namna mtoto wa miaka minane anavyojifunza, au afanye nini mwanafunzi mwenye umri wa miaka 60 anapolalamika maumivu ya kiuno. Maswali hayo yapo kwenye mtaala, tena mtaala mpana: PGA ya Marekani na ya Uingereza zina mafunzo ya miaka kadhaa yanayogusa ufundishaji, vifaa, kanuni, biashara na uendeshaji wa mashindano. Chuo cha Ferris State huko Michigan kilianza kutoa shahada inayoambatana na mafunzo hayo mwaka 1975. Shida yangu ni mpangilio wa milango. Mlango wa skoa ndio mwembamba kuliko yote, na ndio unaowarudisha watu wengi kuliko yote.

Je, skoa inasema lolote kuhusu uwezo wa kufundisha? Hapa watafiti wametusaidia sana, na matokeo yao hayafahamiki vya kutosha kwenye klabu zetu. Mwaka 2001 wanasaikolojia Sian Beilock na Thomas Carr walichapisha majaribio waliyofanya kwa wachezaji hodari na wanaoanza. Waliwataka wote wapige mipira mifupi ya kwenye grini, kisha waeleze walichofanya. Walipoulizwa kwa ujumla mpira wa namna hiyo hupigwaje, wachezaji hodari walieleza mengi kuliko wanaoanza. Walipoulizwa kuhusu pigo walilolipiga dakika hiyo hiyo, mambo yakageuka: hodari walikumbuka machache kuliko wanaoanza. Mwili ulikuwa umefanya kazi bila kumshirikisha mwenyewe. Watafiti wakawapa fimbo yenye mpini uliopindwa na uzito usio wa kawaida, na hapo kumbukumbu za wachezaji hodari zikaongezeka, kwa kuwa walilazimika kurudi kwenye hali ya mwanafunzi na kuangalia kila hatua. Miaka saba baadaye Kristin Flegal na Michael Anderson wakaonyesha upande wa pili. Wachezaji wenye ujuzi walioombwa kueleza kwa maneno namna walivyopiga walihitaji majaribio mengi zaidi kurudia walichokuwa wakikifanya vizuri, kuliko wenzao waliopewa shughuli nyingine isiyohusika. Kule kueleza kuliwaharibia utendaji.

Matokeo hayo mawili yakiwekwa pamoja, picha inayojitokeza haiwapendezi wanaoamini kwamba bingwa ni mwalimu wa kuzaliwa. Ustadi wa mchezaji unakua kwa kadiri mwili unavyochukua kazi kutoka kwenye akili. Ustadi wa mwalimu unamtaka afanye kinyume, airudishe kazi hiyo kwenye mwanga, aitaje, aipange hatua kwa hatua, na aamue ipi kati ya hatua hizo aiseme leo na ipi anyamaze nayo. Mchezaji mzuri anaweza kuyafanya hayo, bila shaka, lakini atakuwa amejifunza mahali pengine. Hayaji yenyewe kwa sababu anapiga 70.

Ushahidi mwingine umetoka kwenye mitambo ya rada. Kwa vizazi kadhaa vitabu na walimu walifundisha kwamba mpira huanza safari yake kufuata njia ya fimbo, kisha hupinda kuelekea upande ambao uso wa fimbo umeelekea. Mabingwa wengi walilithibitisha hilo kwa vinywa vyao, kwa kuwa ndivyo walivyohisi mikononi. Wanasayansi wa Uingereza wakiongozwa na Alastair Cochran walikuwa wameshatilia shaka maelezo hayo katika kitabu chao cha mwaka 1968, lakini ilikuwa hadi mitambo kama TrackMan ya Denmark ilipoenea viwanjani ndipo ubishi ulipokwisha. Mwelekeo wa kwanza wa mpira unatokana na uso wa fimbo kwa kiasi cha robo tatu au zaidi. Kupinda kwake kunatokana na tofauti kati ya uso huo na njia ya fimbo. Fikiria maana yake kwa mwanafunzi ambaye mipira yake ilikuwa ikipotelea kulia. Aliambiwa arekebishe njia, wakati kosa lilikuwa kwenye uso wa fimbo, na aliyemwambia alikuwa mchezaji ambaye mwenyewe hakupotea kulia hata kidogo. Mwili wa bingwa ulijua ukweli ambao mdomo wake uliukana. Takwimu nazo zimefanya kazi kama hiyo. Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia alichambua mapigo ya wachezaji bora wa Marekani na kuonyesha kwamba tofauti yao na wengine hutokana na mapigo ya kuikaribia grini kwa takriban asilimia 40, na mapigo ya kwenye grini kwa asilimia 15 tu. Wachezaji wenyewe walikuwa wameimba kwa miaka mingi kwamba fedha zote ziko kwenye grini.

Utafiti wa Gabriele Wulf na wenzake, uliochapishwa mwaka 1999, unagusa jambo ambalo mwalimu hulifanya kila saa, yaani kuchagua maneno. Wanaoanza waliopiga mipira mifupi huku wakielekezwa kuangalia mwendo wa fimbo walifanya vizuri kuliko walioelekezwa kuangalia mwendo wa mikono yao, na ubora huo ulionekana hata siku ya pili walipopimwa bila maelekezo. Kosa ni lile lile, mwili ni ule ule, lakini sentensi moja inafundisha na nyingine inafunga. Hakuna skoa inayoweza kupima kama mtu anajua tofauti hiyo.

Historia ya walimu waliotukuka inakubaliana na maabara. David Leadbetter alizaliwa Uingereza akakulia Zimbabwe ya leo. Alijaribu kucheza kwenye mashindano ya Ulaya na Afrika Kusini bila kupata jina, kisha akageukia kufundisha. Nick Faldo alipomwendea mwaka 1985 na kumwomba aivunje swingi yake na kuijenga upya, dunia ilishangaa mchezaji mkubwa kumsikiliza mtu asiyeshinda. Miaka miwili baadaye Faldo alitwaa Open Championship pale Muirfield, na mpaka mwaka 1996 alikuwa na mataji sita makubwa. Harvey Penick wa Austin, Texas, alianza kama kedi akiwa na miaka minane, akawa mwalimu wa klabu alikoanzia ukedi kwa miongo kadhaa, na akawalea Tom Kite na Ben Crenshaw tangu wakiwa watoto. Alijulikana kwa kutomruhusu mmoja asikilize masomo ya mwenzake, kwa kuwa dawa ya Kite ingeweza kuwa sumu kwa Crenshaw. Uamuzi huo mdogo, wa kumtenga mtoto na somo lisilo lake, ndio ualimu wenyewe. Na kwa upande wa pili yupo Papwa Sewgolum, kedi wa Durban mwenye asili ya Kihindi, aliyeshika fimbo mikono ikiwa imebadilishana nafasi, wa kushoto chini ya wa kulia, akashinda Dutch Open mara tatu na akamshinda Gary Player katika Natal Open ya mwaka 1965, nyakati ambazo ubaguzi wa rangi ulimnyima hata kuingia jengo la klabu. Alikuwa mchezaji wa ajabu. Lakini mwalimu ambaye angewafundisha wanafunzi wake wote mshiko ule angewapoteza karibu wote.

Pingamizi la kwanza ni zito na nalijibu kwa heshima. Inasemwa kwamba mwanafunzi hatamwamini mwalimu asiyeweza kupiga, na kwamba bila mtihani wa kucheza taaluma itajaa wababaishaji. Sehemu ya kwanza ni kweli kwa kiasi. Mwalimu lazima aonyeshe. Mtoto hujifunza kwa macho kabla ya masikio, na mtu asiyeweza kuutoa mpira mchangani mara tatu mfululizo hana haki ya kumlipisha mtu kwa somo la mchanga. Lakini kuonyesha pigo moja kwa usahihi, tena polepole, tena kwa makosa ya makusudi ili mwanafunzi aone tofauti, si jambo lile lile na kumaliza mashimo 36 kwa mikwaju 159 chini ya shinikizo la siku moja. Mtu wa miaka 45 mwenye goti bovu anaweza la kwanza na asiweze la pili. Ningekuwa natunga mtihani, ningempa mtahiniwa mipira, fimbo na wanafunzi watatu asiowajua, nikamtaka aonyeshe mapigo kadhaa yaliyotajwa, kisha nikae kimya nimwangalie akifundisha kwa saa nzima. Hofu ya wababaishaji pia ina msingi, na mfano wake uko wazi: tangu mwaka 1989 Marekani ina shirikisho la walimu wa gofu, USGTF, linalotoa vyeti vya ufundishaji bila njia ndefu ya PGA, na kozi zake za msingi ni za muda mfupi sana, siku chache tu. Shirikisho hilo lilikuwa na wazo sahihi, kwamba ufundishaji upimwe wenyewe. Lakini wiki moja haimtengenezi mwalimu, kama isivyomtengeneza nesi. Kuondoa uzito kwenye skoa kunadai uhamishiwe kwenye kitu kingine kigumu zaidi, nacho ni uanagenzi mrefu chini ya jicho la mwalimu mzoefu.

Hapo ndipo makedi wanapoingia, na hapo ndipo suala hili linakuwa la kwetu. Gofu imekuwapo Nairobi tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Klabu ya Royal Nairobi ilianza mwaka 1906. Kenya Open ilianza mwaka 1967, Seve Ballesteros akaitwaa mwaka 1978, Ian Woosnam mwaka 1986, na tangu 2019 ni sehemu ya ratiba kuu ya Ulaya. Katika miaka yote hiyo, sehemu kubwa ya wachezaji wa kulipwa wa Kenya na Uganda walianzia kwenye ukedi, wakipiga mipira kwa fimbo za kuokota siku za Jumatatu viwanja vikiwa vitupu. Mwaka 1998 Jacob Okello alifika mpaka kwenye mchujo wa mwisho wa Kenya Open pale Muthaiga, akashindwa na Ricardo González wa Argentina, na hakuna Mkenya aliyewahi kulishika taji hilo. Simulizi za namna hiyo zimetufanya tuione njia ya kedi kuwa moja tu: acheze, ashinde, aondoke kwenye umaskini. Kwa wachache sana njia hiyo ipo. Kwa walio wengi fedha za mashindano ya ukanda hazitoshi kulipa nauli na hoteli, na kwa hiyo huishia kufundisha kwa kulazimika, bila mafunzo yoyote ya kufundisha, kwa kurudia walichoambiwa na mtu ambaye naye aliambiwa.

Lakini hebu tuangalie kedi anajua nini. Ametembea na mamia ya wachezaji wa kila umri na kila umbo. Ameona mpira ukienda kulia mara elfu, na amejua kabla haujatua kwamba bega lilifunguka mapema. Anasoma grini kwa miguu kabla ya macho. Anajua kwamba mzee huyu ukimwambia jambo mbele ya marafiki zake atakasirika, na yule mwingine anataka kuambiwa wazi wazi. Anajua pia uwanja wake kwa namna ambayo vitabu vya Ulaya haviandiki. Nyasi ya kikuyu, ambayo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, hukamata shingo ya fimbo na kuugeuza uso wake mpira ukiwa umezama ndani yake. Pigo linaloshauriwa kwa nyasi nyembamba za pwani ya Uskoti litamwacha mchezaji wa Limuru na mpira ule ule miguuni. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira huenda mbali zaidi na hupinda kwa kiasi kidogo kuliko ambavyo ungepinda Dar es Salaam Gymkhana au Vipingo, huko pwani. Mwanafunzi aliyepima fimbo zake Nairobi akashuka pwani atapungukiwa umbali kila shimo, na atadhani swingi yake imeharibika. Mwalimu aliyeelewa jambo hilo humwokolea miezi ya kujirekebisha bure.

Uzoefu huo ni nusu ya ualimu, nami sitaki kuukuza kuliko ulivyo. Nusu iliyobaki kedi hana. Hajafundishwa viungo vya mwili vinavyofanya kazi, wala kupanga somo la wiki sita, wala kumtofautisha mtoto na mtu mzima, wala namna ya kumlinda mtoto dhidi ya kuumizwa au kudhulumiwa, jambo ambalo mafunzo yoyote ya kisasa ya ukocha lazima yaanze nalo. Wengi waliacha shule mapema, na vitabu na mitihani ya taaluma hii viko kwa Kiingereza cha kitaalamu. Kumwambia mtu aliyetazama swingi kwa miaka kumi na mitano kwamba hafai kwa sababu hakuelewa neno la mtihani ni kupoteza hazina iliyo mkononi. Mtaala wa kufundishia kwa Kiswahili, wenye mitihani ya vitendo na ya mdomo kwa ngazi za mwanzo, hauhitaji ugunduzi wowote. Vyama vya taifa vya gofu na vya wachezaji wa kulipwa vipo Kenya, Uganda na Tanzania. Kinachotakiwa ni kukubaliana ngazi, na kutambua cheti cha jirani.

Wapo watakaouliza kama soko lipo. Viwanja ni vichache. Tanzania nzima ina klabu zinazohesabika kwa vidole, kuanzia Arusha na Moshi hadi Morogoro, Gymkhana ya Dar es Salaam na Lugalo inayosimamiwa na jeshi. Ni kweli mwalimu anayetegemea ada za wanachama peke yao atashindana na wenzake kwa wateja wale wale. Hata hivyo swali linatanguliza matokeo mbele ya sababu. Mchezo haukui mahali ambapo anayeanza hana wa kumfundisha kwa bei anayoimudu, na kwa miongo kadhaa klabu zetu zimewategemea watoto wa wanachama na watoto wa makedi, makundi mawili yaliyokulia ndani ya uzio. Walio nje hawana mlango. Rose Naliaka, mwanamke wa kwanza wa Kenya kuwa mchezaji wa kulipwa, alianzisha akademi ya kuwafundisha wasichana, na thamani ya kazi hiyo iko hasa katika kumfikia mtoto ambaye hakuna mtu wa nyumbani kwake aliyewahi kushika fimbo. Wanafunzi wa namna hiyo hawatapatikana kwa kungoja. Hutafutwa na mwalimu aliyefunzwa, ambaye anaweza kwenda shuleni na fimbo kumi na mipira laini, akafundisha watoto arobaini kwenye uwanja wa mpira wa miguu bila mtu kuumia. Kazi hiyo haina uhusiano wowote na kupiga 79.

Pingamizi la mwisho linatoka kwa vijana wenyewe, nao husema simu imeshachukua nafasi ya mwalimu. Video za masomo ziko maelfu, programu za simu zinachora mistari juu ya swingi yako, na rada za bei nafuu zinatoa namba ambazo zamani zilipatikana maabara tu. Naziona zana hizo kuwa baraka, nami ningemtaka kila mwanagenzi azijue. Lakini zana hizo zinampa mwanafunzi taarifa zaidi ya uwezo wake wa kuzitumia, na kati ya makosa saba yaliyopimwa hazimwambii lipi ni chanzo na yapi sita ni matokeo yake. Penick aliwatenganisha Kite na Crenshaw ili kila mmoja asikie kidogo. Video inamsikilizisha kila mtu dawa za watu wote. Kadiri namba zinavyoongezeka ndivyo anayeweza kuchagua moja na kuzificha nyingine anavyohitajika zaidi.

Linabaki suala la nani agharimie uanagenzi huo wa miaka miwili au mitatu, kwa kuwa kedi anayelipwa kwa siku hawezi kuacha mifuko akakae darasani. Jibu langu linazielekea klabu moja kwa moja. Klabu inayotoza ada ya uanachama, inayoandaa mashindano ya wadhamini karibu kila mwisho wa wiki, na ambayo makedi wake wameshika mifuko ya wanachama kwa vizazi, inaweza kutenga sehemu ndogo ya ada ya kila mashindano kwa ajili ya mwanagenzi mmoja au wawili: posho ya kudumu, mwalimu mkuu anayewasimamia, na asubuhi tatu kwa wiki za kufundisha watoto wa shule za jirani bila malipo, zikihesabiwa kuwa saa zao za mafunzo. Ili wanagenzi hao wasipoteze hadhi ya ridhaa kabla hawajaamua njia yao, chama cha taifa kinaweza kuuidhinisha mpango huo rasmi, jambo ambalo kanuni za mwaka 2022 zimeliruhusu waziwazi. Kamati za klabu hukutana kila mwezi, na mamlaka ya kulianza hili zinayo tayari.